Pindo la Kanda

Habari ikimfika Mghoi haikai. Ni kama maziwa jikoni: geuka kidogo tu uchukue kijiko, ukirudi yameshafurika yamezima na jiko. Basi asubuhi ile alipoona kwenye kioo cha Mchwa, mashine yao ya kusoma kanda, kiatu cha kiume, cheusi, chenye ncha kali kama mdomo wa korongo, kikitokeza chini ya sketi ya mama aliyekuwa akiimba, unadhani alikaa chini akafikiri? Thubutu! Alipiga ukelele uliowatoa njiwa wote darini, akavua glavu, moja ikaangukia kwenye chai, akatoka mbio mpaka uani.

"Daktari! Daktari Righa! Kuna watu chini yake!"

Daktari Righa, mkuu wa Nyumba ya Kanda, alikuwa anaanika taulo. "Chini ya nani?"

"Chini ya mama! Kwenye kanda ya Bi Mkawasi! Kuna vijana wanne, wana magitaa, wana tai nyembamba kama tambi, na nyuma yao pameandikwa, Daktari, haki ya Mungu pameandikwa Pepper Street Hop!"

Daktari Righa aliiacha taulo ikaning'inia upande mmoja.

Ili uelewe kwa nini mtu mzima aliacha taulo, ujue kwanza kazi ya nyumba ile. Karakana hii ya zamani ya reli pale Voi ilichaguliwa kwa sababu hewa yake ni kavu, na kanda za kale hazipendi unyevu. Zilikuwa zinaletwa kutoka kila upande, kanda nene za televisheni za enzi za mababu, na Mghoi, aliyesoma chuo kikuu miaka minne mama yake akimwuliza kila likizo kama kweli hiyo ni kazi ama ni mchezo, alikuwa na shughuli moja tu: kutafuta vipindi vya muziki wa vijana wa Uingereza vilivyopotea.

Maana wenyewe Waingereza walivifuta. Kanda zilikuwa ghali siku hizo, basi wiki hii wanacheza vijana na magitaa, wiki ijayo kanda ileile inarekodiwa mtu anayefundisha kupika keki. Hawakuona hasara. Nani angejua kwamba wajukuu wao wangezililia? Nakala chache zilizopona ni zile zilizosafirishwa nchi za mbali, zikaonyeshwa, halafu zikasahauliwa kwenye stoo za watu. Na katika vyote vilivyopotea, Pepper Street Hop ndicho kilichopotea kabisa. Hakikubaki hata kipande cha kufungia sambusa.

Mghoi alikuwa amekitafuta tangu siku ya kwanza kazini. Na leo kimejileta chenyewe, kimelala chini ya kanda ya bibi wa watu kama paka chini ya kitanda.

Daktari Righa aliingia akainama kwenye kioo. Mchwa alikuwa bado ananusa. Hivyo ndivyo walivyoita hatua ya kwanza ya mashine ile: vichwa vyake vidogo, vingi kuliko unavyoweza kuhesabu, vinapita juu ya kanda bila kuigusa na kukuletea kivuli cha picha, hafifu, bila sauti. Kivuli cha juu kilikuwa cha mwanamke mwembamba mwenye kitambaa kichwani, anaimba mbele ya pazia. Na chini yake, kama mtu anayekutazama kutoka chini ya maji, wale vijana.

"Mungu wangu," alisema Daktari Righa polepole. "Hawakuifuta. Walirekodi juu kwa juu."

Aligeuka amwambie Mghoi neno la muhimu sana. Mghoi hayupo.

*

Mghoi alikuwa tayari nje, nyuma ya tangi la maji, anabonyeza kipuli cha sikioni.

Kipuli kilimpata Mzee Desmond Pym huko Hull, mji wa baridi kaskazini mwa Uingereza. Mzee huyu alikuwa amevuka tisini, na alikuwa mpiga ngoma wa Marlowe Kites, bendi iliyotokea Pepper Street Hop mara moja tu. Wenzake wote wamekufa. Mghoi alikuwa amezoea kumpigia kila wiki kumwuliza habari za zamani, wakawa marafiki. Tatizo lilikuwa mkalimani wa kwenye kipuli. Huyu alijifunza Kiswahili chake kwenye mawaidha ya redio, kwa hiyo mzungu yeyote akipita humo anatoka akiwa shehe.

"Amani iwe juu yako, ewe binti mwema," alisema Mzee Desmond. "Hakika sijapata hata kifungua kinywa."

"Mzee, keti. Umekaa? Nimempata Colin."

Kiti kikalia huko Hull.

"Colin ndugu yangu?"

"Ndiye! Yuko mbele anaimba, nywele zimemwangukia jicho moja..."

"La kushoto," alisema mzee.

"La kushoto! Na anacheka, Mzee, katikati ya wimbo anacheka kabisa!"

Halafu ikaja sauti ambayo mkalimani hakujua la kufanya nayo. Kilio hakina tafsiri, kikapita vilevile kilivyo. Mghoi naye machozi yakamtoka, akiwa anaruka-ruka nyuma ya tangi kama aliyekanyaga siafu.

"Utamwona, Mzee. Nakuahidi. Utamwona anavyotembea."

Alipogeuka, Daktari Righa alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni.

"Umempigia nani?"

Uso wa Mghoi ulimjibu.

"Njoo ndani," alisema Daktari Righa. Hakupaza sauti, na hapo ndipo Mghoi alipojua kuna kitu.

Alimwonyesha ukingo wa kanda. Ulikuwa unang'aa, unanata kama jamvi lililomwagiwa asali. "Unaona? Gundi imeoza. Kanda hii ni mgonjwa. Mchwa akiila, hakitabaki kitu cha kurudia. Vumbi tu."

Mghoi aliona.

Mashine haikuitwa Mchwa kwa mapenzi. Ili kuisoma kanda sawasawa, picha safi na sauti safi, inaitafuna. Kila chembe ya kutu iliyopakwa kwenye kanda inatoa siri yake mara moja, kisha inakufa. Ukitaka tabaka la juu, unaipoza kanda, na baridi ile inaua la chini. Ukitaka la chini, unaipasha moto, na la juu linayeyuka kabla hujalifikia. Kanda yenye afya unaweza kuipitisha mara mbili kwa hila. Mgonjwa kama huyu, mara moja. Basi.

"Kwa hiyo ni mama yake Bi Mkawasi," alisema Mghoi.

"Au ndugu yake Desmond. Na Bi Mkawasi anakuja leo. Ulimpigia pia, si ndiyo? Juzi. Ukamwambia aje asikie wimbo wa mama yake."

"Nilimwambia," alisema Mghoi, na safari hii sauti yake haikufika hata mlangoni.

"Na unajua mashine hii ni ya nani."

Anajua. Mchwa alikuwa mali ya Wakfu wa kutafuta vipindi vilivyopotea, huko London, na masharti ya Wakfu yalikuwa wazi: likipatikana tabaka lililopotea, hilo ndilo la kwanza. Isipokuwa warithi wa matabaka yote mawili wakubaliane wenyewe, kwa vinywa vyao. Ukikiuka, wanakuja wanambeba Mchwa wao, na Nyumba ya Kanda inarudi kuwa karakana ya popo.

"Nimewaahidi wote wawili," alisema Mghoi.

"Umewaahidi wote wawili," alisema Daktari Righa. Akaenda kuitoa ile glavu kwenye chai.

*

Bi Mkawasi alikuja amevaa gauni la kanisani, amebeba bakuli la kimanga alichokiponda mwenyewe, mihogo na kunde, kimefunikwa kwa kitambaa na bado kina moto. Alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye macho ya kukukagua kucha.

"Mjukuu wangu!" alimkumbatia Mghoi kwa mkono mmoja. "Usiku kucha sijalala. Nimekuja kumsikia mama. Hiki mtakula baadaye, sasa hivi sitaki kusikia vijiko."

Mghoi alitamani ardhi ipasuke. "Bibi, kaa kwanza."

"Mtu akikwambia kaa kwanza, simama. Kuna nini?"

Ikabidi aambiwe. Daktari Righa alianza na maneno ya kitaalamu, mambo ya chembe na matabaka, mpaka bibi akamwinulia kiganja kama anazuia darasa.

"Ngoja, Daktari. Unaniambia kuna wazungu wamelala chini ya mama yangu?"

"Si kulala, Bibi, ni..."

"Wapangaji hao waliingia lini?"

"Wao ndio waliotangulia," alisema Mghoi. "Mama ndiye aliyewakuta."

"Lo! Hata kwenye kanda wametutangulia?" Bi Mkawasi alikaa sasa, bila kuambiwa. Halafu akacheka kidogo, cheko la pembeni. "Ni baba huyo. Ni baba na saa yake."

Baba yake, alieleza, alikuwa fundi mitambo kwenye kituo cha televisheni huko Nairobi. Kanda ikitumika mara ya pili, sheria ilikuwa iwekwe kwanza kwenye sumaku kubwa ifutwe. Lakini sumaku ile ilikuwa inasimamisha saa za mkononi, na kijana wa siku hizo bila saa ni nani? Ya baba alizawadiwa na baba mkwe wake siku ya harusi. Basi mafundi wote, kimyakimya, walikuwa wanairuka sumaku na kurekodi juu kwa juu. "Hakuna aliyewahi kujua. Alituambia uzeeni, akicheka mpaka anakohoa. Mama alipokwenda kuimba kwenye shindano lao la vipaji, mwenye kubonyeza kitufe alikuwa baba mwenyewe. Walipoanza kutupa kanda za zamani, hii akaificha chini ya koti akaja nayo nyumbani."

"Basi saa ya baba yako ndiyo iliyomwokoa Colin," alisema Mghoi kabla hajajizuia.

"Colin ndiye nani?"

Daktari Righa alifumba macho.

"Ni... anaimba. Chini. Na ndugu yake yuko hai, Bibi, na mimi nimeshampigia nikamwambia atamwona."

Bi Mkawasi alimgeukia. "Umegawa nguo ya mama yangu kabla hajaivua?"

Mghoi alipiga goti pale pale sakafuni, jinsi alivyofundishwa kwao, akasema, "Nisamehe, Bibi. Furaha ilinitangulia. Kanda ni yako. Nitampigia nimwambie mwenyewe kwamba nilikosea, na Wakfu wakija nitasema ni mimi."

"Inuka, unachafua sketi." Bi Mkawasi alikunja kitambaa cha bakuli, akakikunjua, akakikunja tena. "Mpigie. Lakini nitaongea naye mimi. Sitaki mtu anilaumu huko Uingereza bila kunijua sauti."

Daktari Righa aliunganisha kipuli na spika ya mezani. Mzee Desmond akatokea kwa salamu za kishehe, na Bi Mkawasi, aliyekuja na hasira zake zimejipanga, alisikia uzee kwenye pumzi za yule mtu na adabu ikamshinda.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba, ewe dada uliyetukuka."

"Huyu ni padri?" Bi Mkawasi alimnong'oneza Mghoi.

"Ni mkalimani, Bibi, msamehe."

Daktari Righa alimweleza Desmond yote, bila kupamba: kanda mgonjwa, matabaka mawili, mara moja tu. Mzee alisikiliza. Alipojibu, alijibu polepole, na hata mkalimani aliacha mbwembwe zake.

"Basi ni kanda ya mama yako, dada. Mimi leo nimeambiwa kwamba ndugu yangu alikuwa anacheka. Sikuwa nalo hilo jana. Nashukuru. Linanitosha."

"Usinitie huruma, mzee!" alisema Bi Mkawasi kwa ukali. "Nimekuja na hasira zangu kutoka nyumbani, usizimwagie maji." Kisha, chini zaidi: "Alikufaje?"

"Kwa pikipiki, kwenye mvua, majira yale yale ya baridi baada ya kipindi. Alikuwa hajafika hata miaka ishirini na moja. Sauti yake ninayo. Tulitoa santuri tatu, nimezisikiliza mpaka zimekwaruzika. Na picha za gazeti ninazo, amesimama kama mlingoti. Lakini Colin hakuwa mtu wa kusimama. Alikuwa anatembea kama mtu anayeruka madimbwi. Hilo nimeanza kulisahau, na nikilisahau mimi hakuna mwingine."

Bi Mkawasi aliitikia kwa kichwa, kana kwamba yule mzee anamwona.

"Mimi kwangu ni kinyume," alisema. "Mama alifariki sijatimiza miaka miwili. Uso wake ninao, picha ya harusi iko ukutani, nimeitazama mpaka nimeanza kufanana nayo. Na alivyokuwa anatembea wanasema ni mimi huyu huyu, nikipita njiani wazee walikuwa wananiita kwa jina lake. Lakini sauti... Waliowahi kumsikia wote wamelala. Baba alijaribu kuniigizia ule wimbo wake, mwanamume yule mwenye koo la chuma! Tulicheka. Sijui, mzee. Sijui kama alikuwa na sauti nene ama nyembamba."

Na hapo, wakati wazee wawili wamekaa kila mmoja na pengo lake, Mghoi alikuwa anakodolea macho kitambaa kilichofunika kimanga. Kilikuwa kipande cha kanga kuukuu. Maua katikati, kwenye mji wake. Na pembeni, pindo.

"Daktari," alisema. "Sauti iko wapi?"

"Sauti gani?"

"Kwenye kanda! Inakaa wapi?"

"Pembeni, kwenye ukingo. Unajua hilo. Picha inajaza katikati, sauti inapita kwenye..." Daktari Righa alisimama.

"Pindo!" Mghoi alipaa kutoka kwenye kiti. "Ni kanga! Picha ni mji, sauti ni pindo! Yeye anataka mji wa chini, Bibi anataka pindo la juu! Tunapasha moto katikati, tunapoza ukingoni, Mchwa anakula vyote kwa pamoja lakini kila mahali kwa kina chake! Daktari, sema inawezekana, sema, sema!"

"Haijawahi kufanywa. Picha na sauti hazitenganishwi, ni mume na mke, ndivyo tunavyofundishwa..."

"Hawa si mume na mke! Hawa hawajuani kabisa!"

Bi Mkawasi aliangua kicheko, na kutoka Hull kikaja kicheko kingine, cha kukohoa.

*

Lakini moto hauna adabu ya mpaka. Daktari Righa alipiga hesabu zake kwenye kioo akakunja uso. Joto la katikati lingevuka likaunguze sauti. Ili pindo lipone, lazima kiachwe kipande kati yao kisichopashwa wala kupozwa, kama njia ya kuzuia moto wa nyika, na chochote kilichorekodiwa kwenye kipande hicho kitapotea moja kwa moja. Kwa kanda ile, kipande hicho kilibeba sehemu ya chini ya picha.

Alionyesha kwenye kivuli. Chini ya picha palikuwa na ngoma, na nyuma ya ngoma kijana mdogo, mashavu ya mtoto, amekaa chini kuliko wenzake.

"Huyu ni nani?" aliuliza Bi Mkawasi.

Mghoi hakutaka kusema. Spika ikasema yenyewe: "Huyo ni mimi."

"Basi wewe utapotea, mzee."

"Dada yangu, mimi najiona kila asubuhi nikinyoa. Hakika inatosha. Niacheni nje."

Sasa ilibaki zamu ya bibi. Akikubali, hatamwona kamwe mama yake akiimba sawasawa mbele ya pazia lile. Picha ya juu itayeyuka. Jambo hili halikuwa la Mghoi kulisukuma.

"Mnaweza kuninusia tena?" aliuliza Bi Mkawasi. "Kile kivuli. Mara moja."

Mchwa akanusa. Kivuli kikaja, kijivu, kinatetemeka: mwanamke mwembamba anaweka sawa kitambaa, anainua mkono, anasema, anasema sana. Bi Mkawasi alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Mbona viatu vimemzidi," alisema taratibu. "Ameazima kwa mtu. Tazama anavyovikamata kwa vidole." Akatazama mpaka mwisho. Akajifuta uso kwa kiganja, akavuta gauni likakaa sawa. "Haya. Nimemwona. Mimi Mkawasi binti Mkamburi nakubali. Mpeni Mchwa ale."

"Na mimi Desmond Pym," ikasema spika, "nakubali, na Mungu awalipe kheri."

Daktari Righa ndiye aliyekaa kwenye mitambo. Mghoi alipewa kazi ya kushika baridi ya ukingo, kidole kwenye kitelezi, macho kwenye mstari mmoja mwembamba, na akakatazwa kuzungumza. Mchwa akaanza. Alitoa mlio kama mtu anayetafuna muwa chumba cha pili. Kanda iliingia upande huu ikiwa nyeusi, inanata, ikatoka upande wa pili ikiwa vumbi la rangi ya kutu, linamwagikia kwenye trei. Mara mstari ukapanda. Mghoi akauteremsha. Ukapanda tena, jasho likamchuruzika mpaka kidevuni, akauteremsha tena, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema alikaa kimya muda mrefu hivyo bila mtu kufa.

Mlio ukakoma. Trei ilikuwa imejaa. Hakukuwa tena na kanda duniani.

*

Hakuna aliyekumbuka kuvitenga. Mchwa amezoea kuonyesha picha na sauti kwa pamoja, na Mghoi alipobonyeza, alionyesha kwa pamoja. Huko Hull, kwenye kioo cha Mzee Desmond, kikawaka hicho hicho.

Kwanza picha: weupe, weusi, kisha Colin. Yuko hai kama mtu aliyeingia chumbani. Ananyata kuja mbele, anaruka kitu ambacho hakipo, nywele jichoni, na nyuma yake wasichana wa sketi fupi wanakata viuno visivyokatika. Mdomo wake unafunguka kuimba.

Na kwenye mdomo ule ikatoka sauti ya mwanamke anayekohoa kidogo kusafisha koo.

"Asanteni," ilisema. Ilikuwa nene. Nene, ya chini, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni. "Naitwa Mkamburi, natoka Voi. Kabla sijaimba, naomba nitume salamu."

Bi Mkawasi alishika ukingo wa meza.

"Nawasalimu wa nyumbani wote. Namsalimu baba, namsalimu mama, mama nimefika salama, chakula cha kwenye treni sikukila, nilikula ulichonifungia. Namsalimu shangazi, viatu nitavirudisha. Nawasalimu kina mama wa kwaya, nawasalimu majirani wa upande wa juu, na wa upande wa chini msije mkanuna, nanyi nawasalimu." Colin alitikisa kichwa, akapiga gitaa, akacheka. Kengele ililia mahali fulani. "Nimalizie, bwana mwamuzi, nimalizie kidogo," ilisema sauti, na ukumbi mzima ukacheka. "Namsalimu mwanangu Mkawasi, nimemwacha na bibi yake. Mkawasi wangu, usilie. Mama ndiye huyu, na jioni narudi."

Bi Mkawasi hakulia. Aliitika. "Naam, mama," alisema, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa kutoka chumba cha pili, na mkono wa Mghoi ukamfikia begani bila kujua umefikaje.

"Na wewe unayenitazama ambaye sikujui," ilisema sauti, na Colin akainua uso, jicho moja likitazama moja kwa moja kwenye kioo, "popote ulipo, leo ama siku nyingine, salamu zikufikie."

"Zimefika, mama," alisema Mzee Desmond kutoka Hull. Mkalimani hakuongeza kitu. "Zimefika salama. Asante."

Kengele ikalia tena, kali. Mkamburi akaimba haraka haraka, mstari mmoja na nusu, mzuri, unaopanda kama mtu anayekwea ngazi na mtungi kichwani. Kengele ya tatu. Makofi. Kwisha. Colin naye akainama, mikono imetanuka, wasichana wakimpigia kelele zisizosikika.

Halafu Bi Mkawasi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani, mpaka Daktari Righa, aliyekuwa anajifuta macho kwa taulo, akaanza naye.

"Ndiyo maana alishindwa!" alisema. "Baba maisha yake yote alitwambia waamuzi walipendelea! Kumbe ni salamu! Alimaliza muda wote anasalimu watu!"

"Pole, Bibi," alisema Mghoi. "Wimbo umetoka mstari mmoja tu. Ngoja nikurudishie pale, nitauweka peke yake, tutausafisha..."

"Wimbo anautaka nani?" Bi Mkawasi alivaa miwani yake, akavuta kiti karibu, akaketi mikono mapajani kama mtu aliyetembelewa. "Nirudishie salamu."

"Nami pia, ewe binti," ikasema spika. "Tangu mwanzo, ukipenda."

Mghoi akarudisha mpaka mwanzo.